Skauti wa mtaa wetu, Katuba: kambi safi, lakini si kwa kila mtoto

Kundi hili la skauti linakutana kila Jumamosi mchana katika kiwanja cha shule, huku Katuba. Watoto wangu wawili wamo, na wazazi wenzangu wa Lubumbashi wananiuliza kama inafaa kulipa. Nitaanza na kambi ya likizo kubwa, maana ndiyo inayotutoa pesa: dola 25 kwa mtoto, pamoja na kilo mbili za unga, blanketi na sahani yake.

Kambi ilikuwa nje ya mji, barabara ya Likasi, mwezi wa saba, wakati baridi ya Katanga inapouma kweli. Binti yangu ana miaka 12. Nyumbani alikuwa hagusi mwiko. Amerudi anasonga bukari (ugali) ya watu wanane kwenye moto wa kuni, bila madonge. Alinionyesha walivyofundishwa: unatazama kwanza upepo unatoka wapi ndipo unaweka mafiga, unachukua unga kidogo kwa maji ya baridi, unaukoroga, ukichemka ndipo unatia uliobaki, kiganja kwa kiganja. Choo walikichimba upande wa chini, mbali na maji, na kila anayetoka anamwaga majivu. Kando yake walitundika dumu lililotobolewa, lenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, ili mtu anawe bila kushika kitu. Sisi tunaoishi na kipindupindu tunajua thamani ya dumu lile. Mwanangu amelitundika moja nyuma ya nyumba yetu, na sasa majirani wanakuja kuliiga.

Kwa kazi hiyo nawasifu bila kubakiza kitu.

Sasa habari ya mlango, yaani nani anapokewa na nani anaachwa nje. Jirani yangu ni Mwislamu, ukoo wake umetoka Kasongo, Maniema. Mtoto wake aliingia kundini pamoja na wangu, akalipa ada ileile, akafagia kiwanja kilekile mwaka mzima wa shule. Kambini hapakuwa na shida yoyote: wapishi walinunua samaki wa tomson na maharagi, na jioni watoto wenyewe walimngoja amalize kuswali ndipo wafunue sufuria. Hakuna mkubwa aliyewaagiza. Ila ilipokaribia siku ya ahadi, siku ya kuvikwa fulari, ile skafu ya shingoni ya skauti, viongozi wakadai karatasi ya ubatizo. Baba yake akaenda kuwaona, kwa heshima zake zote. Akajibiwa: "Papa, siye hatukatazi mutoto. Anaweza kuendelea kuya. Lakini ahadi ni kitu ya kanisa." Jumamosi hiyo wenzake wakaitwa mmoja mmoja mbele, na yeye akasimama pembeni, amevaa sare iliyopigwa pasi, shingo tupu.

Nimeisoma ahadi hiyo neno kwa neno. Inataja Mungu, nchi na kusaidia watu. Neno gani hapo linamshinda Mwislamu? Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, hakuanzisha katekisimu. Leo nchi yenye skauti wengi kuliko zote duniani ni Indonesia, na wengi wao ni Waislamu. Uingereza, Mwislamu anaapa kwa jina la Allah, na tangu 2014 hata kijana asiye na dini ana maneno yake ya ahadi. Najua si kila nchi imefika huko. Skauti wa Marekani mpaka leo wanadai kila mmoja akiri wajibu wake kwa Mungu. Lakini hata huko hawamwombi mtoto cheti cha padri.

Mimi ni Mkatoliki na naimba kwaya, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naipiga vita dini. Xaveri, harakati ya vijana Wakatoliki aliyoianzisha Padri Georges Defour kule Bukavu, imezaliwa ndani ya Kanisa, na anayempeleka mtoto huko anajua atakuta misa. Hiyo ni haki yao na ni kazi njema. Lakini kundi letu limebandika kwenye ukuta wa shule karatasi inayosema "watoto wote". Mnachukua pesa ya Mwislamu mwezi wa kumi, halafu mwezi wa tano mnamwambia alikuwa mgeni tu? Nafundisha somo la uraia, na kila mwaka nawaandikisha wanafunzi kifungu cha 13 na cha 22 cha Katiba ya 2006: hakuna Mkongomani wa kubaguliwa kwa dini yake, na kila mtu ana uhuru wa dhamiri. Nitawafundishaje hayo Ijumaa, kisha Jumamosi niangalie pembeni?

Jambo la pili wazazi wanalisema kwa kunong'ona, mimi nitalisema wazi. Shefu, yaani kiongozi wa skauti, aliyewafundisha watoto ule moto na lile dumu hayupo tena. Sauti moja ilizungushwa kwenye WhatsApp ya wazazi kwamba eti anapenda wanaume wenzake. Hakuna mzazi aliyeleta lalamiko juu ya mtoto wake. Hakuna aliyemwita kijana huyo akae, aulizwe, ajibu. Alifika Jumamosi kama kawaida, akaambiwa mbele ya watoto avue fulari. Binti yangu alilia njia nzima, na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Kama habari ile ni kweli au uongo, sijui na si kazi yangu kujua. Sheria yetu ya makosa haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Na kwa Wakatoliki wenzangu walioshangilia: Katekisimu yetu, namba 2358, inataka watu hao wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Namba hiyo ingesomwa kabla ya kusikiliza ile sauti.

Jibu ninalopewa ni moja: "Mama, tunalinda watoto." Basi tulizungumze hilo la kulinda. Marekani walishapita njia hii. Mwaka 1990 walimfukuza James Dale, kiongozi msaidizi huko New Jersey, baada ya gazeti kuandika kwamba anapenda wanaume. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2000 skauti wakashinda kwa majaji watano dhidi ya wanne: wana haki ya kumkataa. Waliendelea kukataa viongozi wa namna hiyo hadi Julai 2015. Je, watoto walikuwa salama miaka yote hiyo? Februari 2020 shirika hilo lilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walidhulumiwa kingono utotoni, ndani ya skauti, mengi ya madai hayo yakiwa ya miongo iliyopita, mengine ya wakati lile katazo lipo. Waovu walipita mlangoni bila mtu kuwauliza kitu, kwa sababu wote walikuwa wanachungulia upande mwingine.

Kinachosaidia kinajulikana: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, popote. Wawe wawili, kila mara. Nilipokwenda kutembelea kambi, niliuliza nani analala karibu na hema za watoto. Upande wa wavulana alikuwa mtu mzima mmoja, peke yake, hema yake katikati ya zao. Upande wa wasichana walitaja jina la mama mmoja, kisha wakakumbuka kwamba alirudi mjini. Orodha ya zamu haikuwapo. "Mama, tunaaminiana," wakaniambia. Watu walewale waliomfukuza kijana kwa sauti ya WhatsApp.

Kwa hiyo, ukiniuliza: mafunzo ni ya daraja la kwanza, chakula kinatosha, bei ni ya haki. Mpokeo wa watoto wa dini nyingine ni mbaya. Ulinzi ni mbaya zaidi, na ungenitia hofu hata kama lile la shefu lisingetokea. Kabla ya kutoa dola yako, waulize mambo hayo mbele ya mashahidi, wajibu kwa maandishi.

Wazazi kadhaa tumeandika barua, na baba wa yule mtoto ametia sahihi wa kwanza. Tunaomba karatasi ya ubatizo iondolewe, anayetuhumiwa asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na watu wazima wawili wawepo kwa kila zamu ya usiku. Kuhusu zamu wamekubali kwa mdomo. Mengine mawili, wanasema, yamepelekwa kwenye kamati. Ada ya Jumamosi naendelea kulipa, kwa sababu watoto wanajifunza. Ya kambi ijayo ya mwezi wa saba sitaitoa mpaka nisome majibu yote matatu yakiwa na sahihi chini.