Moduli mbili za taimingi kwa injini pacha: uzoefu wangu wa kuzilinganisha

Boti yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina injini mbili za MerCruiser, V8 za lita 5.7, petroli na kabureta, zenye mfumo wa kuwasha wa Thunderbolt IV, ambao moduli yake (kisanduku cha umeme) ndiyo inayoamua cheche itoke lini, yaani taimingi. Ukiiwasha kila injini peke yake huoni kasoro: inashika mara moja, haitoi moshi, inaitikia mafuta vizuri. Shida ilikuwa kuziendesha pamoja. Kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, zinalingana. Ukipandisha hadi mwendo wa kusafiria, ya kushoto inabaki nyuma, na chini ya miguu unasikia ule mvumo wa kupanda na kushuka, wuu… wuu… wuu, ambao kila mwenye injini pacha anaufahamu. Ili ziende sawa, kishikio cha mafuta cha kushoto lazima kitangulie mwenzake kwa upana wa kidole gumba.

Fundi aliyeitazama alitaka kufungua kabureta. Mimi nikaona tuanze na kitu kisichohitaji spana: taa ya taimingi, inayomulika alama za puli kila cheche inapotoka. Kwenye sailensi, alama za puli za injini zote mbili zilisimama kwenye nyuzi 8 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, jinsi inavyotakiwa. Tulipopandisha mizunguko ndipo zikaachana. Ya kulia ikaendelea kuwahisha cheche hadi nyuzi 32. Ya kushoto ikakomea chini ya hapo na haikusogea tena.

Tukafuta grisi kwenye lebo za moduli. Ya kulia imeandikwa V8-24S. Ya kushoto nayo inaanza na V8, lakini namba inayofuata ni ndogo zaidi. Hapo hesabu ikajieleza yenyewe: V8 ni silinda nane, na 24 ni nyuzi ambazo moduli inaongeza juu ya zile 8 ulizoseti kwa kuzungusha distribyuta (kigawa cheche kwa silinda). Nane na ishirini na nne, thelathini na mbili. Kwa nje moduli hizo ni mapacha: kasha lile lile, matundu ya bolti yale yale, soketi za nyaya zinaingiliana bila kulazimisha. Aliyeifunga ile ya kushoto hakuwa na sababu ya kushtuka, kwa kuwa injini iliwaka.

Kabla ya kutoa hela tulibadilishana: ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto ikaenda kulia. Uvivu nao ukahama upande. Hii ndiyo raha ya kuwa na injini mbili, kipimo kizuri kuliko vyote unacho tayari ndani ya boti. Kama uvivu ungebaki kushoto, ningerudi kwenye kabureta, nyaya za plagi au propela, na moduli nisingenunua.

Watu kadhaa walinishauri niizungushe distribyuta ya kushoto mpaka zilingane, yaishe. Ukifanya hivyo unazilinganisha kwenye mwendo mmoja tu. Kwingine kote zitaachana, na hata sailensi uliyokuwa nayo sawa unaiharibu. Kilichotofautiana hapa ni jinsi taimingi inavyopanda kadiri mizunguko inavyoongezeka, na hilo limo ndani ya moduli. Bisibisi haifiki huko.

Tena tusisahau injini ya boti inafanya kazi gani. Ni kama lori linalopanda mlima usio na kilele. Haipati mteremko wa kupumzikia. Cheche ikiwahi kupita kiasi, mafuta yanalipuka huku pistoni bado inapanda, injini inagonga, na kwa kelele za ndani ya boti husikii kugonga huko. Utakachokiona baadaye ni pistoni iliyotoboka. Ikichelewa, nguvu inapotea na joto linahamia kwenye ekzosi. Kwa hiyo usichague namba kubwa kwa tamaa ya kasi. Fuata namba ya kitabu cha injini yako, na ziwe mbili zinazofanana.

Nilinunua mpya mbili kwa pamoja, za kampuni inayotengeneza vipuri mbadala. Kubakiza ile nzuri ya zamani kungepunguza gharama nusu, lakini sikutaka kuchanganya iliyokaa kwenye joto miaka mingi na iliyotoka dukani. Mzigo ulipofika, moja ilikuwa na herufi ya mwisho tofauti na nyingine. Muuzaji akaniambia, "Zinafanya kazi sawa tu, kaka." Nikamrudishia. Alibadilisha bila ubishi, hilo namsifu, ila tangu hapo kabla ya kulipa nadai picha ya lebo zote mbili zikiwa zimewekwa pamoja, si picha ya boksi.

Kuzifunga ni kazi ndogo. Safisha sehemu zinapokaa mpaka chuma king'ae, maana moduli inapata eathi kupitia kasha lake. Kisha hakikisha alama ya puli yenyewe ni ya kweli: ile pete ya nje imeshikwa na mpira, na mpira ukizeeka pete inateleza, ukabaki unaseti taimingi kwa alama ya uongo. Tulitoa plagi ya silinda ya kwanza tukaihakikisha pistoni ilipo, kwa injini zote mbili.

Na tafadhali, usichukue ya gari kwa sababu ni rahisi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kifaa cha umeme cha boti ya petroli lazima kiwe kimetengenezwa kisiwashe mvuke huo.

Matokeo: 8 na 32 pande zote mbili, na njiani kati ya hapo zinapanda bega kwa bega. Vishikio vinakaa sambamba, mvumo umekwisha, usukani haunivuti tena upande mmoja. Mita ya mizunguko ya kushoto iliendelea kudai kuna tofauti, lakini ukaguzi wa taa ukaonyesha mita ndiyo mwongo. Nyuma yake kuna swichi ya kuchagua silinda 4, 6 au 8, na ilikuwa imeshika kutu. Kuizungusha huku na huku kulitosha.

Kuna nisiyoyapenda. Karatasi ya maelekezo haina jedwali la nyuzi kwa kila mizunguko, kitu ambacho mwenye injini mbili ndicho anachokihitaji zaidi. Nyaya ni ngumu kukunja. Lebo ni ya karatasi, na karibu na ekzosi haitadumu, kwa hiyo nimeandika V8-24S kwa rangi nyeupe kwenye kasha la kila moja.

Jambo moja kwa wenye injini zinazozunguka kinyume. Zangu zote zinazunguka upande mmoja, kugeuza propela ni kazi ya gia. Kama yako moja imegeuzwa yenyewe, mpangilio wa silinda kuwaka wa 1-8-4-3-6-5-7-2 kwake unakuwa 1-2-7-5-6-3-4-8, na kabla ya kuagiza jozi muulize muuzaji kama moduli hiyo inakubalika kwa injini iliyogeuzwa.

Jozi hii ya moduli naipa nyota nne kati ya tano.