CLAN na Kireno cha watoto: programu nzuri inayomsahihisha mtoto kimyakimya

Hazina ya CHILDES, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Brian MacWhinney na Catherine Snow, ina manukuu ya mazungumzo ya watoto wa Ureno na Brazil. Programu ya kuyachambua, CLAN, hupakuliwa bure. Kazi inaiweza. Shida ni mipangilio inayokuja nayo.

Chukua neno sapato, yaani kiatu. Watoto wengi huanza kwa kudondosha silabi ya mwanzo isiyo na mkazo, wakasema pato, ambalo kwa mtu mzima ni bata. Mnukuzi makini huandika (sa)pato. CLAN huyafuta mabano na kuhesabu sapato zima. Ukitaka kilichotoka kinywani mwa mtoto, ongeza +r3 kwenye amri unayoiandikia programu.

Kwenye vitenzi ndiko kwenye utamu. Aliyezoea Kiswahili hutazama mwanzo wa neno. Kireno hubeba nafsi na wakati mkiani. Mtoto akishashika comi, "nilikula", kutoka comer, huweza kutoa fazi, "nilifanya", kutoka fazer, ilhali watu wazima husema fiz. Vivyo hivyo sabo badala ya sei, "najua", na fazido badala ya feito, "iliyofanywa". Hayo hajayasikia kwa mama. Ameyaunda mwenyewe, na ndiyo yanayoonyesha kwamba kanuni imeingia. Sasa mnukuzi akiandika fazi [: fiz], yaani neno la mtoto na sahihisho lake, amri ya FREQ, inayohesabu maneno, huhesabu fiz, na kosa lote hupotea. Andika hivi, +r5 ikizuia ubadilishaji huo na +t*CHI ikichagua mistari ya mtoto pekee:

freq +t*CHI +r5 *.cha

Ukiambulia patupu, soma mstari wa @Participants, unaotaja wasemaji mwanzoni mwa faili. Huenda mtoto amepewa kifupi kingine badala ya CHI. Kisha:

kwal +sfazi +r5 -w3 +w3 *.cha

Hiyo hutafuta fazi na kuleta mistari mitatu kabla yake na mitatu baada, ukaona mama aliuliza nini. Umri wa mtoto umo kwenye mstari wa @ID: 2;06.18 ni miaka miwili, miezi sita na siku kumi na nane.

Udhaifu mwingine: falo (nasema), falas (unasema) na falou (alisema) huhesabiwa maneno matatu, kumbe kitenzi ni kimoja. Ukijaribu +sfal* utazoa na falta, "ukosefu", humohumo. Faili likiwa na mstari wa %mor, wenye uchambuzi wa maumbo ya maneno, tumia huo. Tena usimwage mafaili ya Lisbon na ya Brazil kwenye kapu moja: sehemu kubwa ya Brazil mtoto husikia fala kwa você (wewe), ele (yeye) na a gente (sisi), wakati wa Lisbon husikia pia falas ya tu (wewe) kila siku. Ukichanganya, tofauti ya lahaja itaonekana kama tofauti ya ukuaji.

Kwa kupima ukubwa wa msamiati, CLAN siipendekezi. Mtoto aliyerekodiwa akicheza na magari hatataja kijiko, hata kama anakijua. Hapo orodha anayojaza mzazi, ile ya MacArthur-Bates yenye toleo la Kireno cha Ureno, inafaa zaidi.