Vishikwambi 18 na duka moja la programu: mwaka wangu wa kufunga na kufunguliwa

Kishikwambi namba 7 ndicho kilichonitoa usingizini. Vyote 18 nilikuwa nimeviandika namba mgongoni kwa kalamu ya wino mzito, na kwa wiki tatu nilitembea kifua mbele nikijua nimevifunga. Jioni moja nakiokota namba 7 nikichomeke kwenye chaji, nakuta kamusi imesukumiwa ukurasa wa tatu, na kurasa mbili za mbele zimejaa michezo ya magari. Nafasi iliyobaki haifiki GB 1. Na Play Store nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe.

Vishikwambi hivi ni vya klabu ya kusoma, watoto wa miaka 9 hadi 13. Mimi si fundi. Kazi iliniangukia kwa kuwa ndimi niliyekuwa na nenosiri la Wi-Fi, na ukishajulikana kuwa unalo nenosiri la Wi-Fi, kila chenye skrini ni mzigo wako.

Nilianzia wanapoanzia wengi: vidhibiti vya wazazi ndani ya Play Store. Unaweka PIN, unachagua kiwango cha umri, umemaliza. Vinafanya kazi yake vizuri, ila kazi yake ni kuchuja kwa umri. Mchezo uliopewa daraja la watoto wadogo unapita bila hata kubisha hodi, na michezo ya aina hiyo haina mwisho. Mimi sikuwa nazuia mabaya, nilikuwa nazuia mengi. Kama hofu yako ni mtoto kukutana na mambo ya kutisha, kaa hapohapo, mengine yote ninayoyaeleza ni ya kujichosha bure.

Ndipo nikaizima Play Store yenyewe. Mipangilio, Programu, Google Play Store, Zima. Kwenye vishikwambi vichache kitufe hicho hakikubonyezeka, nikavichomeka kwenye kompyuta na kuiondoa kwa amri za adb, zana ya kukiamuru kifaa cha Android kutoka kwenye kompyuta, nikajiona bingwa. Kwa atakayepita njia hiyo: jina la ndani la Play Store ni com.android.vending, masalia ya enzi ilipoitwa Android Market, kabla ya kuwa Google Play mwezi Machi 2012.

Sikujua kwamba duka hilo ndilo pia linalosasisha programu zilizokwisha kuwekwa. Ukilizima, kila kilichomo kinaganda kama kilivyokuwa siku ile. Wiki ya pili programu yetu ya vitabu ikakataa kufunguka, inadai toleo jipya. Nikasema si neno, nitaitoa APK, yaani faili la kusakinishia programu, kwenye kifaa changu, niiweke kwenye kadi ya kumbukumbu na kupita nikiisakinisha kimoja kimoja. Vingine vikakubali. Vingine vikaifungua na kuifunga papo hapo. Baadaye nilielewa kwa nini: tangu Agosti 2021 programu mpya hupelekwa Google Play kama kifurushi, na duka ndilo linalokata vipande vinavyokifaa kila kifaa, likiangalia prosesa, skrini na lugha. Ukichomoa APK kwenye kifaa kimoja na kuipeleka kwenye kingine, huenda umebeba kipande tu.

Na michezo ya magari? Watoto walirushiana, na aliyewafungulia ni mimi. Ili kuweka zile APK niliipa programu ya mafaili ruhusa ya kusakinisha, kisha nikaisahau ikiwa imewashwa. Hadi Android 7 palikuwa na swichi moja tu ya vyanzo visivyojulikana kwa kifaa kizima. Kuanzia Android 8, mwaka 2017, ruhusa hiyo hutolewa kwa kila programu peke yake. Kivinjari kina yake, programu ya barua pepe ina yake, ya mafaili ina yake. Ni mpangilio bora kuliko ule wa zamani, sibishi, lakini anayekagua lazima apite programu moja moja, na mimi nilikuwa na vifaa 18.

Baada ya hapo nikalipia huduma ya kufunga skrini. Jina naliacha, maana huenda wamerekebisha. Ni programu inayokaa mahali pa skrini ya mwanzo na kuonyesha zile tu ulizoruhusu. Ilikuwa nzuri kwa macho, aikoni kubwa, rangi tulivu. Ilidumu siku nne. Siku ya tano nikamkuta kijana wa miaka 11 yuko kwenye Mipangilio, anabadilisha picha ya ukuta.

"Umefunguaje?"

"Sijafungua, mwalimu. Nilibana kitufe cha kuzima, nikashikilia pale palipoandikwa Zima, ikaniuliza kama nataka hali salama. Nikaona salama ni kitu kizuri."

Sikuwa na la kumjibu. Hali salama huwasha kifaa bila programu zilizoongezwa na mtumiaji, na kufuli langu la kulipia lilikuwa mojawapo ya hizo. Niliwaandikia watu wa huduma. Jibu lilikuja baada ya siku sita likinishauri nitafute kava linaloziba kitufe.

Kilichokuwa kinanishinda nilikielewa siku hiyo. PIN, kuzima duka, kufuli la skrini, vyote nilikuwa naviweka juu ya kifaa ambacho tayari kina mwenyewe, yaani akaunti iliyoingia siku ya kwanza. Mimi nilikuwa mgeni aliyepewa kazi ya ulinzi. Android tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014 ina cheo kinachoitwa mmiliki wa kifaa. Programu moja tu hupewa cheo hicho, kwa kawaida ya huduma ya kusimamia vifaa vingi kutoka mbali, na ikishakipata inaweza kuzima hali salama, kukataza usakinishaji kutoka nje ya duka, na kukataza kufuta kifaa kupitia Mipangilio. Lakini cheo chenyewe hutolewa kifaa kikiwa kitupu, kabla ya akaunti yoyote kuingia. Ukishaweka Gmail yako umechelewa, rudi mwanzo ukifute.

Basi nikavifuta vyote. Hapa nina onyo kwa yeyote mwenye vifaa vya kupewa: ondoeni kwanza akaunti zilizomo. Vitano kati ya vyetu vilitoka kwa wasamaria wema, na mimi kwa haraka zangu nikavifuta kwa vitufe vya pembeni badala ya kupitia Mipangilio. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi unaofanya kifaa kilichofutwa kwa njia hiyo kidai akaunti iliyokuwemo kabla. Kwa mwizi ni dawa. Kwangu ilikuwa wiki nzima ya kuwasaka watu wakumbuke nenosiri la barua pepe walizoacha kutumia miaka mingi. Vinne vilifunguka. Cha tano, namba 12, bado kiko kabatini.

Kuandikisha kwenyewe kulinishangaza kwa wepesi. Kifaa kikiwa kwenye ukurasa wa makaribisho, unagonga mara sita mahali pamoja kwenye skrini, kisomaji cha msimbo wa QR kinajitokeza, unakilenga kwenye msimbo uliotolewa na huduma yako ya usimamizi, kinaendelea chenyewe. Hili lipo tangu Android 7. Viwili vyangu vilikuwa na Android 6, hivyo pale panapoulizwa barua pepe niliandika afw# ikifuatiwa na jina la huduma, vikaingia. Kimoja kilikuja bila huduma za Google kabisa, hicho nikakiacha kiwe cha kusomea mafaili tu. Wenye vishikwambi vya Amazon nao wajue kwamba duka lao ni jingine, na maelezo yangu hayawafai.

Tahadhari ndogo: msimbo wa QR unaweza kubeba jina na nenosiri la Wi-Fi, na ukifanya hivyo nenosiri linakaa humo kama maandishi ya kawaida. Wangu niliuchapa nikaubandika ukutani ili kazi iende haraka. Niliubandua siku ileile nilipomwona mtu anaupiga picha.

Sasa duka lenyewe. Huduma nyingi za usimamizi hutumia Google Play inayosimamiwa, na hapa ndipo nilipoacha kulichukia duka. Halizimwi. Mtoto anaifungua Play Store ileile, ila kwenye rafu anakuta programu nilizoidhinisha tu. Tunazo tisa. Hakuna cha kutafuta, hakuna cha kubembeleza. Wala sikuhitaji kutengeneza Gmail 18, maana akaunti hutengenezwa na mfumo kwa kila kifaa, na hakuna mtoto anayejua nenosiri kwa sababu hakuna nenosiri la kujua. Kila programu naipa hali yake. Kamusi na vitabu vinaingia vyenyewe na haviondolewi. Programu ya kuchora ipo dukani kwa anayeitaka. Kikokotoo kilichokuja na matangazo nimekizuia, na kikatoweka kwenye vifaa vyote nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Masasisho nayo yametulia. Kwa kawaida programu hujisasisha kifaa kikiwa kwenye Wi-Fi, kinachaji na hakitumiki, ambayo kwetu ni usiku. Kwa programu ya vitabu, iliyowahi kutuharibia kipindi kwa kubadilika sura katikati ya juma, nimechagua kuahirisha, na mfumo unaruhusu hadi siku 90. Programu iliyo nyuma ya toleo jipya hukosa marekebisho ya usalama, kwa hiyo natumia ruhusa hiyo kwa moja tu.

Mabaya yapo. Ukurasa wa usimamizi umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kampuni kubwa. Niliitafuta sehemu ya kuzuia kamera nusu saa na kuikuta chini ya kichwa cha habari kisichohusiana. Ruhusa za programu zinachanganya: nikiruhusu zote kwa pamoja, programu ya kuchora inapata maikrofoni ambayo haina kazi nayo, kwa hiyo imenibidi nikae na kila programu niamue moja baada ya nyingine. Na sera, yaani masharti niliyowawekea vifaa, ikibadilishwa, kifaa kilichozimwa kabatini hakijui lolote mpaka kiwashwe na kupata mtandao. Mwanzoni nilidhani mfumo umeharibika. Zaidi ya hayo unalipa kwa kila kifaa kila mwezi, na mwezi ukifika unafika hata kwa vile ambavyo hakuna aliyevigusa.

Kwa kishikwambi kimoja cha nyumbani nisingemshauri mtu apite huku. Wa kwangu binti anatumia Family Link, huduma ya Google ya wazazi kusimamia kifaa cha mtoto. Anapotaka programu, ombi linakuja kwenye simu yangu, nakubali au nakataa, basi. Jueni tu kwamba ukishaidhinisha programu, kuisasisha au kuirudisha baada ya kuifuta hakuombi ruhusa tena. Binti yangu aligundua hilo kabla yangu. Na kama kishikwambi ni chako na mtoto anakiazima, angalia kama mtengenezaji ameacha sehemu ya watumiaji wengi, iliyokuwepo kwenye vishikwambi tangu Android 4.2. Mtengenezee mtumiaji wake. Programu mliyoiweka wote wawili haihifadhiwi mara mbili, kinachotengana ni data zenu.

Dada ninayesaidiana naye klabuni aliwahi kuniuliza kwa nini nisiwaachie watoto wachague wenyewe, si ndiyo kujifunza. Tulibishana siku mbili. Tukakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi watoto wanapendekeza programu moja, wanaitetea mbele ya wenzao, nami naiweka dukani ikipita. Mwezi wa kwanza ilipita sataranji. Niliidhinisha wakiwa wamekaa, wakaanza kuvuta skrini chini kulipakia duka upya, na ilipojitokeza kwenye kishikwambi cha kwanza palikuwa na kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwa ajili ya programu yoyote niliyoichagua mimi.

Huduma ninayotumia sasa naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ule ukurasa wa usimamizi, na kwa sababu ya namba 7. Jumanne iliyopita nimekikuta tena na mchezo wa magari. Hakuna kilichosakinishwa, nimekagua mara mbili. Mchezo unachezwa ndani ya kivinjari. Chrome inakubali kupewa orodha ya tovuti za kuzuia kupitia usimamizi huuhuu, nimeanza kuiandika, na kufikia leo nina tovuti 23.