Wahusika Wasioijua Kesho: Riwaya Tano Nilizozisoma Karibuni

Mwandishi wa riwaya ya kihistoria ana mzigo asioweza kuutua: msomaji wake anajua mambo yatakavyokwisha. Anajua kwamba utawala wa Wajerumani Afrika Mashariki utaporomoka, kwamba Mussolini ataanguka, kwamba mfalme aliyekimbilia ughaibuni atarejea kwenye kiti chake. Wahusika hawayajui hayo. Katika miezi ya karibuni nimesoma riwaya tano, tatu za kihistoria, moja ya kisasa, na moja iliyosimama mlangoni baina ya aina hizo mbili, nami nilijikuta nikizipima zote kwa swali moja: je, mwandishi amewaacha wahusika wake na giza lao, au amewanong'oneza majibu kutoka zama zetu?

Nilianza na Peponi, ambayo ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994 na ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Kwa Kiswahili imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Nobel ya Fasihi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa kwao na tajiri Aziz, mtu aliyezoeshwa kumwita kwa jina la udugu ilhali hawana udugu wowote. Ukweli anaujulia dukani, kwa Khalil, kijana aliyemtangulia katika hali ileile: wote wawili ni rehani za madeni ya baba zao, na yule anayemdhania kuwa ni jamaa yake anapaswa kumwita Seyyid. Gurnah hapazi sauti katika jambo hili. Deni linatajwa kama linavyotajwa katika hesabu za biashara, na ubaridi huo ndio unaochoma.

Kwa Kiingereza, maneno kama mnyapara, au lile jina la kejeli ambalo Khalil anambandika Yusuf, kifa urongo, husimama ndani ya sentensi kama mawe katikati ya mto, na msomaji hulazimika kuyakwepa au kuyapanda. Kwa Kiswahili mawe hayo yamezama, maji yanapita juu yake, na kisa kinatiririka kana kwamba hakikuwahi kuandikwa kwa lugha nyingine. Nilifurahi, ingawa sikuacha kuhisi kuwa kuna kitu kimepungua, maana ule ugeni mdogo ulikuwa sehemu ya ladha ya kitabu. Kwa upande mwingine, tafsiri imekirudisha kisa kwa wasomaji ambao wengi wao hawahitaji kuelezwa kwa nini shati la Yusuf, katika nyumba ya tajiri, linachanika kwa nyuma. Aliyesikia kisa cha Nabii Yusuf tangu utotoni anaijua shabaha ya mkono ule kabla haujanyooshwa.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ya msafara wa bara. Wafanyabiashara wanafika kwa mtawala aitwaye Chatu, ambaye aliwahi kudhulumiwa na wageni wa namna yao, naye anawanyang'anya mali yao kama fidia. Kisha Mzungu anatokea na askari wake na kuamuru mali irudishwe. Ukisoma haraka utadhani wasafiri wamepata mwokozi. Ukitulia utaona kwamba amri hiyohiyo, iliyotolewa na mtu ambaye hakuwa upande wa muuzaji wala wa mnunuzi, ndiyo inayozika biashara yao. Baadhi yao wanahisi kuwa safari za namna ile zimefika kikomo, lakini hakuna anayekisia ukubwa wa kinachokuja, na Gurnah haongezi hata sentensi moja ya kutueleza. Huo ndio ustadi ninaousema. Kuhusu mwisho wa Yusuf nitanyamaza, ila nakiri kwamba niliufunga ukurasa wa mwisho nikiwa nimemkasirikia, kisha nikamwelewa, kisha nikamkasirikia tena.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka moja kwa moja kwenye Afterlives, riwaya ya Gurnah ya mwaka 2020, ambayo inaanza pale ambapo wingu la Peponi linapasuka. Nchi imetoka katika vita vya Majimaji na inaelekea katika vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo Waingereza na Wajerumani walivipigana kwa miili ya askari na wapagazi wa Kiafrika. Ilyas, aliyelelewa katika shamba la Mjerumani na kusoma shule ya misheni, anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari kwa sababu wao, kwa jinsi alivyowajua, walimtendea wema. Hoja yake haina mashiko kwetu tunaosoma leo, lakini kwake ni ya kweli kabisa, na mwandishi anaiacha isimame bila kuichomekea dhihaka. Dada yake, Afiya, anabaki na jamaa ambaye anampiga hadi kumvunja mkono kwa kosa la kujua kuandika. Baada ya kipigo hicho binti anaandika ujumbe kwa Khalifa, rafiki wa kaka yake, nao upo kwa Kiswahili hata ndani ya kitabu cha Kiingereza: "Kaniumiza. Nisaidie." Nimesoma kurasa nyingi za riwaya zinazotetea elimu ya wasichana kwa hotuba ndefu, sikumbuki yoyote iliyofikia nguvu ya vitenzi hivi viwili.

Mhusika mwingine mkubwa ni Hamza, askari mwenye haya anayefundishwa Kijerumani na ofisa wake, kwa mapenzi ambayo ndani yake mna dharau na labda mna jambo jingine ambalo hakuna anayelitaja. Baadaye, akiwa amerudi uraiani na jeraha lake la nyonga, anamtafsiria Afiya mistari michache ya Schiller, mshairi wa Kijerumani, ili kumweleza yaliyomo moyoni. Lugha aliyoipata kambini, mahali pa matusi na viboko, inageuka kuwa barua ya mapenzi. Sina hakika kama nimewahi kusoma picha ya ukoloni iliyo tata kuliko hiyo na wakati huohuo ndogo kiasi hicho.

Lawama yangu ni kwa kurasa za mwisho. Baada ya kutembea nasi polepole katika ua, karakana ya maseremala na kibaraza cha mazungumzo, riwaya inaanza kukimbia. Miaka inapita kwa aya, na hatima ya Ilyas inaletwa kwa njia ya utafiti na nyaraka. Wapo watakaosema kwamba ndivyo familia nyingi zilivyokuja kujua habari za ndugu waliopotelea vitani, kwa karatasi na kwa kuchelewa, nami nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo nilibaki na hisia ya mgeni aliyekirimiwa kwa utulivu mchana kutwa, kisha akasindikizwa haraka usiku ulipoingia.

The Shadow King ya Maaza Mengiste, iliyotoka mwaka 2019, nitaipitia kwa ufupi zaidi, si kwa sababu ni dhaifu bali kwa sababu sikuipenda kadiri nilivyotarajia. Inasimulia uvamizi wa Italia nchini Ethiopia mwaka 1935 kwa macho ya Hirut, mtumishi wa nyumbani anayenyang'anywa bunduki aliyoachiwa na baba yake na baadaye kuwa mpiganaji. Haile Selassie anaondoka nchini mwezi Mei 1936, na wapiganaji wanamchukua mkulima mmoja anayefanana naye, wanamvika sare, na kumpandisha farasi ili watu waamini kwamba mfalme yuko pamoja nao. Sehemu hiyo ni hazina: mtu asiyekuwa na cheo chochote anajifunza kukaa kimya kifalme, na wanaomlinda, wakijua fika kwamba ni kivuli tu, wanaanza kumwinamia kwa dhati. Maelezo ya picha zinazopigwa na Ettore, mwanajeshi wa Kiitaliano mwenye asili ya Kiyahudi, nayo yanatisha, kwa sababu kamera inashiriki katika mauaji kwa kuyashuhudia tu.

Kinachonitatiza ni kiitikio, zile sauti za pamoja zinazoingia kati ya sura kama katika tamthilia za kale za Wagiriki. Sauti hizo zinajua yote, zinaomboleza mapema, na zinatukumbusha kwamba tunatazama jambo kubwa. Hapo kigezo changu kinalia. Hirut alikuwa na uwezo wa kutupeleka mwenyewe, gizani, akipapasa. Sikusudii kusema kwamba kosa hili ni la kufisha. Niliwahi kuiacha riwaya moja, ambayo nitalihifadhi jina lake, kwa sababu binti wa karne ya 19 alikuwa akizungumza kuhusu haki zake kama aliyetoka kwenye semina jana jioni. Mengiste yuko mbali sana na udhaifu huo. Sentensi zake zina fahari, na pengine ni fahari hiyo iliyonichosha.

Kitabu kilichokivuruga kigezo changu ni chembamba kuliko vyote. Small Things Like These ya Claire Keegan, ya mwaka 2021, haizidi sana kurasa 100, na inahusu siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1985 katika mji wa New Ross, Ireland. Bill Furlong ni mfanyabiashara wa makaa ya mawe mwenye mke na mabinti watano. Anapopeleka makaa kwenye nyumba ya watawa anamkuta msichana amefungiwa ghalani, katika baridi. Nyumba hiyo ina dobi, yaani mahali pa kufulia nguo, na wanaofua ni wasichana waliotupwa na jamii, wengi wao kwa sababu ya kupata mimba nje ya ndoa. Nyumba za namna hiyo zilikuwapo kweli; ya mwisho ilifungwa mwaka 1996, na serikali ya Ireland iliomba radhi rasmi mwaka 2013.

Wahusika wa Gurnah hawajui kwa sababu hawana njia ya kujua. Watu wa New Ross hawajui kwa sababu wamejitia hamnazo. Shuka za mji zinarudi nyeupe na zimepigwa pasi, na hakuna anayeuliza zimefuliwa na nani. Shule nzuri ya wasichana, ambamo mabinti wa Furlong wanasoma au wanatarajia kusoma, imepakana na nyumba hiyo kwa ukuta mmoja, kwa hiyo kila mzazi anajua bei ya kufungua mdomo. Mke wake, Eileen, anamwonya kwamba anayetaka maisha yamnyookee hana budi kuyafumbia macho baadhi ya mambo, na jambo la kuogofya ni kwamba anayasema hayo kama mama mwenye upendo anayepiga hesabu za nyumba yake. Mama Mkuu wa watawa hatoi tishio lolote. Anamkaribisha Furlong chai, anauliza habari za mabinti zake, anampa bahasha. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikitafuta neno moja la ukali, nisilione.

Furlong mwenyewe ni mtoto wa mtumishi aliyezaa bila ndoa, na kama si ukarimu wa mwajiri wa mama yake, mama huyo naye angeweza kuishia kwenye dobi kama hilo. Keegan anaugusa uhusiano huo kidogo kidogo, jinsi mtu anavyogusa kidonda chake mwenyewe. Je, hii ni riwaya ya kihistoria? Mwaka 1985 wapo wasomaji wanaoukumbuka vizuri. Nadhani ukaribu huo ndio unaomnyima msomaji starehe ya kusema kwamba watu wa zamani walikuwa wakatili.

Baada ya hapo nilihitaji kucheka, na Convenience Store Woman ya Sayaka Murata ikanipa cheko nisilolitarajia. Riwaya hii ilipata Tuzo ya Akutagawa nchini Japani mwaka 2016. Mimi niliisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Ginny Tapley Takemori. Keiko ana umri wa miaka 36, na kwa miaka 18 amefanya kazi ya kibarua katika duka lisilofungwa usiku wala mchana. Anaiga mavazi na lafudhi za wenzake ili aonekane wa kawaida, huku ndugu na marafiki wakihangaika kumtafutia mume au kazi ya maana. Anayejitokeza ni Shiraha, mwanamume mvivu na mwenye kinyongo, ambaye kila lawama yake anairudisha kwenye zama za mawe, akidai kwamba tangu wakati huo jamii haijabadilika hata chembe. Katika riwaya zote tano, huyu ndiye pekee anayejiona anaielewa historia, na ndiye mpumbavu kuliko wote.

Kuna tukio la utotoni mwa Keiko ambalo bado linanirudia. Watoto wa chekechea wamemkuta ndege amekufa, wanalia, na Keiko anashauri ndege huyo apelekwe nyumbani akachomwe, kwa kuwa baba yake anapenda nyama ya ndege. Watu wazima wanashtuka na kumweleza kwamba afaa kuzikwa kwa heshima. Ndege anachimbiwa kaburi, na watoto, huku machozi yakiwatoka, wanakwenda kuyakata maua hai kwenye mashina yake ili walipambe. Keiko anasimama akiwatazama, naye haelewi.