Usiku wa kwanza: Wilder au Tourneur?

Ukiamua kutumia mwezi mzima kutazama filamu za giza za Marekani za miaka ya 1940 (film noir, yaani visa vya uhalifu vilivyojaa vivuli), swali la kwanza ni hili: uanze na Double Indemnity (1944) au Out of the Past (1947)?

Ya kwanza, ya Billy Wilder, haifichi kitu. Wakala wa bima anaingia ofisini usiku, ana jeraha la risasi, anakiri mauaji kwenye mashine ya kurekodi sauti. Muuaji umeshamjua, kinachokukalisha kitako ni kuona kamba inavyozidi kumkaza. Halafu yupo Edward G. Robinson, mchunguzi wa madai, mwenye pua ya kunusa kila hila. Kwangu mimi, filamu ni yake.

Ya Jacques Tourneur ina mafundo. Robert Mitchum anaendesha kituo cha mafuta katika mji mdogo wa California, mpaka ya zamani yanamfuata. Kisa kilinichanganya hadi nilipokirudia. Lakini vivuli vya mpigapicha Nicholas Musuraca, lo!

Anza na Wilder. Tourneur mwekee wiki ya tatu, macho yakishazoea giza.