Ushauri wa kisheria kwa askari wa akiba aliyekwepa wito: nyota nne kati ya tano

Tulitumia huduma hii mapema Juni 2020, hapa Marekani, wakati ghasia zilizofuata kifo cha George Floyd mikononi mwa polisi zilipowafanya magavana waite zaidi ya Walinzi wa Taifa 40,000, yaani askari wa akiba wa majimbo, mdogo wangu akiwa mmoja wao. Hakwenda. Kwa siku tatu alikaa sebuleni kwangu, simu ameificha chini ya mto wa kochi, kwa sababu hakutaka kusimama na bunduki mbele ya majirani zake, na papo hapo alihofia kwamba kazini kwake nafasi yake ingepewa mtu mwingine.

Ofisi hii ni ya mawakili wachache waliowahi kuvaa sare, na ushauri wao hutolewa kwa simu. Tulisubiri dakika 40 kabla ya kupokelewa, muda mrefu mno kwa mtu aliyejificha. Wakili aliyetupokea, hata hivyo, hakumsimanga mdogo wangu. Alimwomba asome kwa sauti mstari wa kwanza wa amri ili ijulikane ni nani aliyemwita, kwani wito ukiwa wa gavana kosa hushughulikiwa kwa sheria ya kijeshi ya jimbo, ilhali ukiwa wa rais, kama ilivyotokea Los Angeles mwaka 1992, askari huingia chini ya sheria ya kijeshi ya nchi nzima. Katika sheria hiyo, kifungu cha 86 kinahusu kukosekana kazini bila ruhusa, na cha 85 kinahusu kutoroka jeshini, na kinachovitofautisha zaidi ni nia ya mhusika.

Sisi tulidhani mtu hahesabiwi mtoro mpaka zipite siku 30. Wakili alitueleza, bila haraka, kwamba siku hizo ni kipimo cha kiutawala tu, na kwamba anayekwepa kwa makusudi kazi ya hatari au iliyo muhimu anaweza kushtakiwa kwa kutoroka hata akikosekana siku moja; mwongozo wa mahakama za kijeshi unaitaja waziwazi kazi ya kutuliza ghasia miongoni mwa kazi hizo. Adhabu inaweza kufikia kifungo cha miaka 5 na kufukuzwa jeshini kwa fedheha. Hapo ndipo mdogo wangu alipoinua mto na kuitoa simu.

Amri yake ilikuwa ya gavana, jambo lililompa nafuu kiasi. Kuhusu ajira, huduma ilipwaya, na ndiyo sababu nimewanyima nyota moja: walituhakikishia kwamba analindwa na sheria ya nchi nzima ya mwaka 1994 inayolinda ajira za wanaoitwa jeshini, ambayo wakati huo haikuwahusu walioitwa na gavana, na ilibidi watupigie kesho yake kujisahihisha kwamba kinga yake imo katika sheria ya jimbo. Kosa kama hilo lingeweza kumfanya aende kwa mwajiri na karatasi isiyo na nguvu.

Usiku ule ule alimpigia kamanda wake, wakili akiwa kwenye laini, akasema yuko wapi na kwa nini hakufika. Asubuhi aliripoti kambini. Alishushwa cheo kimoja na kukosa malipo ya siku zile, lakini hakufunguliwa mashtaka. Barua ya utetezi tuliyoahidiwa ilifika baada ya wiki mbili, shauri likiwa limekwisha. Mbele ya kamanda alisimama na maelezo niliyomwandikia kwa kalamu nyuma ya bahasha, nikiyanakili kutoka kwa wakili neno kwa neno.