Technics SL-1200MK2 ya mtumba: nzuri sebuleni, ila kagua mkono na volti kwanza

Wengi wanaijua mashine hii ya kuchezea santuri kwa ma-DJ, lakini SL-1200 ya kwanza, ya mwaka 1972, ilitengenezwa kwa msikilizaji wa nyumbani. MK2 ilitoka 1979, na mashine za ukoo huo ziliendelea kutengenezwa hadi 2010. Jina lilirudi 2016 kwa mashine mpya za bei inayotisha, ndiyo maana za zamani bado zinagombaniwa.

Haina mkanda wa mpira wa kulegea. Sumaku imefungwa kwa skrubu tatu chini ya sahani inayozunguka, kwa hiyo sahani yenyewe ni sehemu ya mota. Koili zimetulia chini yake, na kristali ya kwatzi inasimamia mwendo. Kinachosuguana ni ekseli na tundu lake tu. Mwongozo wa kiwanda unataka matone mawili au matatu ya mafuta kila baada ya saa 2000 za kazi. Kwa anayesikiliza saa mbili kwa siku, hiyo ni karibu miaka mitatu. Mashine nyingi hazijaonja tone tangu zitoke kiwandani na bado zinazunguka, jambo ambalo si sababu ya kuendeleza uvivu huo.

Umeme ndio unaoua nyingi mapema. Zilizouzwa Japani ni za volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya Dar es Salaam au 240 ya Nairobi, transfoma ya ndani inaungua. Baadhi ya zile za masoko mengine zina swichi ya kuchagua volti chini ya sahani, basi inua sahani uhakikishe kabla ya kuwasha. Mashine inakula wati 13.5 tu, hivyo transfoma ndogo ya kushusha, ya VA 50, inatosha kabisa. Angalia tu kwamba nyingi za dukani hutoa 110. Kwa mashine ya Japani tafuta ya 100. Tofauti ya hezi 50 na 60 haiisumbui, kwa sababu mwendo unatawaliwa na kwatzi. Hapo ndipo inapozishinda mashine nyingi za mkanda za enzi zake: yenye mota ya kufuata hezi, iliyopangwa kwa 60, hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita kwenye 50, na mwimbaji anasikika kama amelewa.

Dukani, anza na mwendo. Weka slaida ya kurekebisha mwendo katikati mpaka isikike imeingia, kisha tazama safu ya vitone vikubwa kwenye ukingo wa sahani. Sahani ikizunguka, chini ya taa nyekundu ya mashine vionekane vimesimama kama vimepigiliwa misumari. Sogeza slaida polepole pande zote mbili: mwendo ukirukaruka, slaida ina uchafu au imechakaa. Uchafu huoshwa kwa dawa ya kusafishia swichi, iliyochakaa hubadilishwa. Kitufe cha kuanzisha kinachotaka kubonyezwa kwa nguvu ni swichi ndogo ya bei rahisi, kisikutie hofu. Sahani ikirudi nyuma kidogo baada ya kusimama, breki inahitaji kurekebishwa.

Hofu iwe kwenye mkono unaobeba sindano. Ushike taratibu karibu na egemeo lake, uusukume mbele na nyuma, kisha juu na chini. Usisikie kulegea hata kidogo. Mashine za klabu huumia hapa, na rangi iliyofutika kuzunguka kitufe na slaida huwa inasema ilikotoka. Mkono ukilegea, acha, hata kama muuzaji anaapa. Ukishusha wenzo wa kuteremshia, mkono uende chini polepole. Ukianguka kwa kishindo, mafuta mazito ya ndani yamekauka.

Sauti ikikosekana upande mmoja, badilishana plagi nyekundu na nyeupe kwenye amplifaya. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa liko kwenye mashine. Safisha kwanza pini nne za kichwa, kile kipande cha mbele ya mkono kinachochomoka, kwa raba ya penseli. Isipotosha, nyaya za sauti zimechoka, na kuzibadilisha ni kufungua kitako cha mpira chenye skrubu nyingi. Muungurumo mara nyingi ni ule waya mwembamba wa ethi uliokatika au usiofungwa.

Kufunga katriji, kile kifaa kidogo chenye sindano, si kazi ya kubahatisha. Ncha ya sindano ikae milimita 52 kutoka kwenye kikomo cha nyuma cha kichwa. Weka kizuia-mtelezo (kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri) sifuri, sawazisha mkono uelee kwa uzani ulio nyuma yake, zungusha pete ya namba ya uzani huo pekee hadi 0, kisha uzani wote hadi gramu anazotaka mtengenezaji: Ortofon 2M Red inataka 1.8. Ndipo urudishe kizuia-mtelezo kwenye namba hiyohiyo. Kimo cha mkono hubadilika kwa milimita 6, lakini fungua kufuli kwanza. Wanaolazimisha pete huikwaruza na kuikwamisha. Katriji ya aina hii hutoa milivolti 5 hivi, kwa hiyo lazima amplifaya iwe na tundu la phono, yaani la mashine ya santuri. Ukitumia tundu la kawaida utasikia sauti nyembamba ya mbali, isiyo na besi.

Lawama? Mkono haujirudishi santuri ikiisha, kwa hiyo ukisinzia kwenye kochi sindano inaendelea kusugua. Na haina mwendo wa 78, ni 33 na 45 tu. Kwa singo za 45 za bendi zetu za miaka ya 60 na 70 iko sawa kabisa. Kwa santuri za 78 za taarabu, kama zile alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, tafuta mashine nyingine na sindano nene zaidi.